Mkojo wa Mbwa Kwenye Nyumba ya Kupanga

Mume wangu alishuka kwenye lori akiwa amekumbatia sweta, lile nililomfumia mwenyewe wakati wa uchumba wetu, na ndani ya sweta alikuwamo mtoto wa mbwa. Kabla hata hajanisalimu akasema, "Huyu asilale nje."

"Mbwa asilale nje, alale wapi?"

"Ndani. Fisi watamla."

Kuhusu fisi hakusema uongo. Miaka ile pale Maganzo, giza likiingia tu, fisi walipita nyuma ya nyumba zetu kama watu wanaotoka sokoni. Mbuzi wawili wa mama mwenye nyumba walikwenda hivyo, na mbwa mwingine mdogo aliyeletwa kabla ya huyu hakumaliza mwezi. Kwa upande mwingine, wezi nao walikuwapo. Almasi zilikuwa zinaokotwa jirani, na ikisikika kwamba fulani kapata jiwe, kila nyumba ya mtaa ule ilidhaniwa inaficha jiwe. Kwa hiyo kwamba mlinzi alihitajika, sikubishi. Nilichobisha, na ninabisha mpaka leo, ni mtu kukuletea mbwa wa wiki saba, kula ugali wake, kulala, na asubuhi kuwasha lori kwenda Geita kubeba pamba, akakuacha na mbwa huyo kwa majuma matatu.

Aliniachia na maagizo. "Akikojoa ndani, mshike shingo, msugue pua kwenye mkojo wake, halafu mchape na kandambili. Siku mbili tu atakuwa ameelewa."

Tulikuwa tumepanga vyumba viwili mwisho wa korido. Kimoja cha kulala, kingine tulikiita sebule kwa sababu kilikuwa na meza. Sebule ilikuwa na mlango wake wa kutokea nje, upande wa ua, na upande wa korido palikuwa na pazia tu. Mama mwenye nyumba aliishi vyumba vya mbele. Alikuwa mjane, mtu mzima, wazazi wake waliingia kutoka Ujiji zamani na biashara ya chumvi, na yeye aliuza vitumbua asubuhi na alikuwa mtu wa swala tano bila kukosa. Kumkubali mbwa uani kwake lilikuwa jambo kubwa. Kumkubali ndani, kwa muda, mpaka apate miguu ya kukimbia, lilikuwa jambo kubwa zaidi, na aliliwekea mpaka mmoja.

"Asivuke pazia, mwalimu. Huko kwako ni kwako. Huku napita na udhu wangu."

Nikamwahidi. Niliahidi kama mtu anayeahidi kwamba mvua haitanyesha.

Mimi nimekulia kwa wafugaji. Mbwa wa baba yangu walikuwa wa zizini na wa machungani. Hakuna mtu kwetu aliyewahi kumfundisha mbwa mahali pa kukojoa, maana dunia nzima ilikuwa yake. Angeniuliza mtu jinsi ya kumkamua ng'ombe mkaidi ningemweleza. Lakini mbwa, sakafu ya saruji na pazia, hayo sikuyajua.

Basi nikafuata maagizo ya dereva. Siku ya kwanza alikojoa mara sita. Nilimsugua pua mara sita, nikamchapa mara sita. Siku ya pili alikojoa mara sita. Siku ya tatu sakafu ilikuwa kavu mpaka adhuhuri, nikafurahi, nikajisemea kumbe yule bwana anajua. Halafu nikainama kuchukua viatu chini ya kitanda. Kumbe alikuwa ameelewa kitu kimoja: kwamba nisimwone. Alikuwa amekojoa huko chini, nyuma ya sanduku langu la nguo, na hilo jingine pia alikuwa amelifanya huko huko, na lilikuwa na siku mbili.

Sasa kumbuka ilikuwa miaka gani. Ilikuwa miaka ya foleni. Kipande cha sabuni kilikatwa kwa kisu kama nyama ya sikukuu. Maji niliteka kwa debe kisimani, madebe matatu kwa siku, na debe moja sasa likawa la mbwa. Nilikuwa nasugua sakafu kwa majivu na ufagio wa njiti, nimepiga magoti, huku yeye amekaa pembeni, kichwa kimeinamia upande mmoja, ananitazama kama mkaguzi wa shule.

Jina alikuwa nalo. Mume wangu alimpa jina la kishujaa kabisa. Mimi sikulitumia hata siku moja.

Juma la pili aliniharibia madaftari. Nilikuwa nafundisha darasa la tatu, na meza yetu ilikuwa ndogo, kwa hiyo madaftari ya kusahihisha niliyapanga sakafuni kando ya mlango. Niliporudi kutoka kisimani nikakuta rundo lote limelowa kuanzia chini. Madaftari miaka ile yalikuwa hayapatikani. Wengine walikuwa wameandika hesabu kwa penseli, hao walinusurika. Wengine waliandika kwa kalamu ya wino, na wino ulikuwa umetambaa mpaka saba na tisa zimekuwa kitu kimoja. Nikayaanika kwenye uzio, moja moja, na mawe juu yake. Yalikauka yakiwa na mawimbi na madoa ya njano.

Kesho yake niliwaambia wanafunzi kwamba paa lilivuja. Ilikuwa katikati ya kiangazi. Walinyamaza kwa heshima, isipokuwa binti mmoja wa dawati la mbele aliyelipeleka daftari lake puani, akanitazama, akasema polepole, "Mwalimu, hii mvua inanuka mbwa."

Nilimwambia afungue ukurasa mpya.

Jumamosi ya juma hilo ndipo yakatokea ya msala. Nilikuwa napiga pasi, pasi ya mkaa, na macho yangu yalikuwa kwenye nguo kwa sababu cheche moja tu ingetosha kuniunguzia gauni. Mama mwenye nyumba alikuwa ameswali adhuhuri koridoni, ambako upepo hupita vizuri, akauacha msala wake umetandikwa akaenda jikoni kuepua sufuria. Nadhani pazia liliinuliwa na upepo huo huo. Sikumwona mbwa akipita. Nilichosikia ni sauti ya mama, si kubwa, ikisema, "La ilaha illa Allah."

Nikatoka mbio. Mbwa alikuwa amesimama juu ya ule msala, mwekundu, ambao marehemu mumewe alimletea kutoka pwani, anamalizia.

Ningependa mama yule angepiga kelele. Hakupiga. Alileta ndoo ya maji na mchanga kwenye sahani, akaupeleka msala uani, akauosha. Maji mara sita, mchanga na maji mara moja. Nilisimama pale na kipande changu cha sabuni mkononi, cha mwisho, nikamnyooshea.

"Kaa na sabuni yako, mwalimu," alisema bila kuinua uso. "Utaihitaji."

Alipomaliza kuuanika ndipo akanigeukia. "Mimi nilikubali mlinzi. Hiki sikukikubali. Ijumaa inayokuja nisimkute ndani ya nyumba yangu."

"Mama, nisamehe. Mume wangu akirudi..."

"Mume wako yuko Geita. Mkojo uko hapa."

Usiku ule nilimchukia kila mtu. Nilimchukia mume wangu aliyekuwa huko na pamba yake, nikamchukia mbwa, nikajichukia mimi niliyeolewa na mtu anayezungumza na wanyama kabla ya kumsalimu mkewe. Asubuhi, ikiwa Jumapili, badala ya kwenda kanisani nilimtia mbwa kwenye kikapu, nikafunika kwa kanga, nikaenda kumrudisha alikotoka.

Alikotoka ni kwa mzee mmoja mchimbaji, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Nilimkuta anachekecha kokoto kando ya shimo lake, vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Nikamwamkia, akaitikia, nikafunua kikapu.

"Nimekuletea mbwa wako, baba."

Akamtazama, akaendelea kuchekecha. "Mayu, mimi sina mbwa tena. Mama yake kaliwa na mbiti majuzi." Mbiti ndiyo fisi kwa Kisukuma chetu, kama mayu alivyo mama. "Ndugu zake niligawa, wawili nasikia wameliwa pia."

"Basi huyu atakufariji."

"Nimlaze wapi? Mimi mwenyewe nalala chini ya turubai." Akakung'uta chekeche lake. "Lakini kama amekushinda, mwache tu hapo."

Amekushinda. Mimi, mwalimu niliyewahi kuwafundisha watoto sabini kusoma kwa vitabu kumi na viwili.

Nilimweka chini nikaanza kuondoka. Nilikuwa nimeazimia kabisa. Nilipogeuka nilitaka tu kuona kama ananifuata. Hakunifuata. Alinusa kokoto, akazunguka mara mbili, akazunguka mara ya tatu, akachuchumaa, akakojoa. Nje. Mwenyewe, bila kandambili, bila mtu kumshika shingo. Alipomaliza akajikung'uta kama mtu aliyetimiza wajibu.

Sikumwonea huruma, hasira ndiyo iliyonirudisha. Kumbe anaweza! Kumbe majuma haya mawili alikuwa anaweza! Nikarudi, nikamnyanyua, nikamtia kikapuni. Mzee yule aliendelea kuchekecha. Nilitembea saa nzima juani nikimgombeza kwa sauti, na watu waliokuwa wanatoka kanisani wakaniamkia mimi na kikapu changu.

Mama mwenye nyumba alikuwa barazani, ungo mapajani, anachagua mawe kwenye mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umerudi naye."

"Nimerudi naye."

Akachagua jiwe, akalitupa. Akachagua jingine. "Unajua, mwalimu, mkojo wake unanichosha, lakini kelele zako zinanichosha zaidi. Kutwa nzima pah, pah, na kandambili. Watoto saba nimelea nyumba hii, kwenye sakafu hii hii. Nepi zilikuwa tatu. Unadhani niliwezaje?"

"Sijui, mama."

"Niliwafuata. Mtoto akiamka, namtoa nje. Akinyonya, namtoa. Akinyamaza ghafla mchezoni, nimeshamnyanyua zamani. Wewe unakaa, unasubiri akojoe, ndipo unainuka na kiatu. Wakati huo wewe ndiye umechelewa. Yeye kosa lake liko wapi?"

Nilikaa kwenye ngazi. Nilimweleza alivyozunguka kule shimoni kabla ya kuchuchumaa.

"Ehe," akasema. "Kumbe anakuambia. Hujamsikiliza tu."

"Na Ijumaa?"

"Ijumaa iko pale pale."

Saa ya ukutani hatukuwa nayo. Saa ya mkononi alikuwa nayo mume wangu, na iliendesha lori pamoja naye. Kwa hiyo ratiba ya mbwa yule niliifunga kwenye adhana, kwa sababu ndiyo saa pekee ya mtaa ule isiyosimama. Adhana ya alfajiri, namtoa. Namlisha, namtoa tena papo hapo, mahali pale pale, kando ya uzio wa mnyaa wa nyuma. Adhuhuri, alasiri, magharibi, vilevile. Baada ya magharibi naondoa bakuli la maji, na isha inapoadhiniwa namtoa mara ya mwisho nimeshika taa ya chemli, huku nikisikiliza fisi. Mahali pale pale kila siku, na nasimama naye, nasubiri. Kusubiri ndiko kulikokuwa kunaniua. Yeye ananusa jani. Ananusa jani la pili. Anaona panzi. Anasahau kilichomtoa. Mimi nimesimama na kanga begani, uji unaungua jikoni, nasema kwa upole wa kulazimisha, "Kojoa, baba. Kojoa, tafadhali." Akikojoa nampa kipande cha mchembe, kiazi kilichokaushwa, nilichobeba mfukoni, nampigapiga mgongo, namsifu, na najisikia mjinga.

Kati ya alfajiri na adhuhuri palibaki pengo, na pengo hilo nililiziba kwa mapumziko ya saa nne. Shule haikuwa mbali. Kengele ikigongwa tu niliweka chaki chini nikatoka mbio, nikamtoa mbwa, nikasubiri, nikarudi mbio. Siku ya tatu mwalimu mkuu akaniita pembeni. Alikuwa mtu mpole, mwenye aibu nyingi.

"Mwalimu," akasema akitazama viatu vyake, "nimeona kila mapumziko unakimbia nyumbani. Kama ni tumbo... zahanati wana dawa nzuri."

Ningemwambiaje? Nikamjibu, "Ahsante, mwalimu mkuu. Linaendelea vizuri." Alinipa hata kibali cha kutoka dakika tano kabla ya kengele, na nilikipokea.

Jumatatu na Jumanne sakafu ilikauka. Jumatano nilianza kuringa. Alhamisi nilimtoa alasiri, nikasimama naye mpaka miguu ikaniuma, hakufanya kitu. Nikamrudisha ndani. Alivuka kizingiti, hatua mbili, akanitazama usoni, akakojoa kwenye mguu wa meza. Mkono wangu ulishafika kwenye kandambili. Niliishika hewani muda mrefu. Halafu nikakaa chini sakafuni, kando ya kile kidimbwi, nikalia kama mtoto. Yeye akaja akanilamba kiwiko. Nikamsukuma. Akaja tena.

Ijumaa mama mwenye nyumba alisimama upande wake wa pazia, amejitanda buibui, tayari kwa kwenda zake.

"Enhe?"

Nilifikiria kudanganya. "Tangu Jumapili ni mara mbili tu. Jumapili hiyo hiyo jioni, na jana."

"Kabla ya hapo ilikuwa ngapi kwa siku?"

"Sita."

Nilisikia akijifunga viatu. "Basi mwache mpaka Ijumaa nyingine."

Ikawa hivyo, kutoka Ijumaa hadi Ijumaa. Hakunipa hata mara moja siku nane. Alinipa saba, kila mara saba, kama hakimu. Lakini jambo jingine likaanza ambalo sikulitarajia. Nilipokuwa uani nafua au natwanga, na mbwa amelala sebuleni mlango wazi, nilisikia sauti kutoka barazani, ambako mlango wetu ulionekana:

"Mwalimu! Kiumbe chako kinazunguka!"

Nami naacha mchi kwenye kinu, nakimbia, namnyanyua, natoka naye. Mara nyingi alikuwa sahihi. Hakumgusa, hakumkaribia, akipita karibu naye alikusanya kanga yake kwa mkono mmoja. Lakini macho yake hayakumwacha. Hata akiwa na wateja wa vitumbua alikatiza hesabu ya chenji kunipigia kelele, na wateja nao wakajifunza. Ilifika mahali mtu nisiyemjua kabisa, amekuja kununua vitumbua viwili, ananiita kwa sauti kuu ya mtaa mzima kuniarifu kwamba mbwa wangu anazunguka. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mume wangu, ambaye majuma yake matatu yaligeuka matano kwa sababu ya daraja lililovunjika huko mbele ya Katoro, alirudi siku moja jioni. Alikuta sakafu kavu. Alikuta mbwa amenenepa, amelala juu ya gunia lake karibu na mlango. Akaniangalia, akamwangalia mbwa, akatabasamu kwa kuridhika.

"Si nilikuambia? Siku mbili tu. Kandambili ni dawa."

Nilikuwa nampakulia. Niliweka mwiko chini. Nilimweleza yote kuanzia sanduku la nguo mpaka msala, mpaka madaftari, mpaka mwalimu mkuu na tumbo langu. Nadhani nilizungumza mpaka ugali ukapoa. Alisikiliza, na kwa heshima yake niseme hakucheka ila mara moja, pale kwenye mvua inayonuka mbwa. Nilipofika kwa mzee mchimbaji aliacha kabisa kula.

"Ulitaka kumwacha?"

"Nilimwacha. Nilirudi kumchukua."

Alinawa mikono. Kisha akaenda mbele kumwona mama mwenye nyumba, akakaa huko muda mrefu, na kesho yake nikamwona amenunua mkeka mpya wa ukili, mzuri, anaupeleka. Mama aliupokea, akamshukuru. Aliendelea kuswali kwenye ule ule mwekundu.

Alfajiri iliyofuata, adhana ilipoanza, tulisikia kucha kwenye mbao za mlango. Kru, kru, kru. Alikuwa ameanza kufanya hivyo majuma mawili kabla: anakwaruza, anangoja, anakwaruza tena. Mume wangu alivuta shuka mpaka masikioni.

"Mama," akaniambia kwa sauti ya usingizi, "mfungulie mbwa."

"Nimemfungulia majuma matano."

"Nimechoka na safari."

"Mbwa wako anazunguka," nikamwambia, nikageukia ukutani.

Nilimsikia akipapasa kutafuta kandambili, akijikwaa kwenye mguu wa meza, akisema maneno ambayo dereva huyasema barabarani. Mlango ukafunguliwa, baridi ikaingia. Huko nje, kando ya mnyaa, nikaanza kumsikia akibembeleza kwa sauti ya chini, kwanza kwa upole, kisha kwa upole mdogo zaidi, halafu kwa sauti ya mtu anayetaka kulia. Ilichukua muda mrefu sana. Nadhani kulikuwa na panzi.